Mbuzi Waliolala Chumba Kimoja

Kang'ethe alikuwa mtu wa masikio. Katika kiwanda cha nguo cha Thika, alikotumia ujana wake akirekebisha mitambo ya kufuma, aliweza kusimama katikati ya jumba lenye kelele za kumtia mgeni kichefuchefu, akafumba macho, akanyoosha kidole: ule pale, wa tatu kutoka dirishani, unaumwa. Wakiufungua wanakuta beringi imelika. Wenzake walimwita Daktari. Kisha kiwanda kikafungwa, mitambo ikapakiwa kwenye malori ya vyuma vikuukuu, na Daktari akarudi nyumbani na masikio yasiyokuwa na mgonjwa.

Aliyekuja kuugua ni yeye mwenyewe, na ugonjwa wake haukuwa na kelele.

Presha ya macho huanza pembeni. Hula ukingo wa dunia kama mchwa anavyokula ubao uliopakwa rangi, na mwenye ubao hana habari mpaka siku kidole kinapopenya. Kang'ethe alianza kugongana na mabega ya watu. Alimwaga chai akiwa na hakika kikombe kilikuwa pale. Alimlaumu fundi wa miwani, akazilaumu balbu za siku hizi, miaka ikapita. Ngendo, mkewe, alipomburuta hatimaye hadi kwa daktari wa macho mjini Thika, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kitambo, na la kulia limebakiza tundu tu, kama la mtu anayeitazama dunia kupitia bomba la maji.

“Kilichoenda kimeenda, mzee,” daktari alisema. Alikuwa msichana wa umri wa Lynn, binti yao, na alisema kwa upole. “Tutajaribu kulinda kilichobaki.”

Walikuwa wakiishi Gatongora, orofa ya tatu, katika jengo la mawe ambalo halijawahi kupakwa rangi kwa nje. Mahali lilipo palikuwa shamba la kahawa. Kang'ethe aliikumbuka ile kahawa, safu kwa safu hadi bondeni, na sasa hata kama angekuwa na macho asingeiona, kwa hivyo katika jambo hilo wengine hawakuwa wamemwacha mbali. Lynn alikuwa ameolewa Nakuru. Ngendo aliondoka asubuhi kwenda soko la Githurai 45 kuuza mitumba ya watoto, akarudi jioni miguu imevimba. Kati ya asubuhi na jioni kulikuwa na redio, na Kang'ethe alikuwa amefika pa kuichukia.

Kompyuta ililetwa na Jared Owino, jirani wa chini, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta Ruiru mjini. Aliipandisha ngazi begani, akaitua mezani kwa kishindo.

“Daktari, nimekuletea mgonjwa.”

“Ametoka wapi?”

“Ng'ambo. Ex-UK. Huko ofisini walimchoka, na Windows mpya imemkataa, eti amezeeka. Nimemwekea mfumo mwingine, Linux. Hiyo haibagui wazee.”

“Na anafanya nini?”

“Kila kitu. Hata gemu anacheza.”

“Gemu ni za watoto, Owino.”

“Na wewe hapa mchana kutwa unafanya nini? Unahesabu nzi?”

Jared tayari alikuwa ameiwasha na feni iliyo ndani yake ilikuwa imeanza kuzunguka. Kang'ethe aliinamisha kichwa. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo mwanzoni, kisha ukaisha, kisha mvumo. Alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. “Fungua hapo kando,” alisema. “Kuna vumbi limekaa upande mmoja.” Wakafungua, na lilikuwepo.

Hivyo ndivyo alivyoingia, kwa masikio. Mengine alifundishwa na Jared jioni za Jumapili, akiwa ameisogelea skrini kubwa hadi pua karibu iiguse, akitafuta kishale kwa lile tundu lake kama mtu anayetafuta sindano kwa tochi. Alijifunza kwamba michezo inauzwa katika maduka ya mtandaoni, na kila duka lina lango lake, funguo zake na kiburi chake. Aliyapa majina yake mwenyewe. Kulikuwa na Duka Kubwa, lenye kila kitu. Kulikuwa na duka la Alhamisi, ambalo kila Alhamisi lilitoa mchezo bure ili watu wazoee kupita, na Kang'ethe hakukosa hata mara moja, akachukua hata michezo ambayo hangeicheza kamwe. Na kulikuwa na duka lisilo na kufuli: ukishanunua kitu ni chako, hakuna anayekuuliza tena. Jared alimwekea programu moja iliyoyakusanya yote matatu kwenye dirisha moja, kama vibanda chini ya bati moja.

“Sasa sikiza,” Jared alimwambia. “Hizi gemu zimeandikiwa Windows. Hapa kwa Linux ni wageni. Ndiyo zikubali kuamka, kila moja inajengewa chumba, humo ndani inawekewa vitu vya kwao, inadanganywa iko nyumbani.”

“Inakubali?”

“Si hata mimi nimekubali? Nimejengewa chumba Gatongora, naambiwa niko nyumbani.”

Walicheka. Lakini Kang'ethe alikuwa anafikiria diski. Diski ya ile mashine ilikuwa ndogo, na kila chumba kilichojengwa kilikula nafasi kabla mchezo wenyewe haujatia mguu ndani. Kwa nini vyumba vyote hivyo? Akatafuta mpaka akaona mahali pa kubadilisha, na kuanzia siku hiyo kila mchezo alioupakua, uwe wa duka gani, aliuelekeza chumba kile kile.

Jared alipogundua alishika kichwa. “Daktari! Kila mtu na chumba chake! Ndiyo mmoja akihama asisumbue wengine.”

“Makongeni, enzi za kiwanda, tulilala sita chumba kimoja,” Kang'ethe alisema. “Mimi, Ndegwa, Mugo, Kagwe na wengine wawili. Tulitoka hapo tukiwa wazima.”

“Hawa si watu wa Makongeni.”

“Zinafanya kazi ama hazifanyi?”

Zilikuwa zinafanya kazi. Jared akainua mikono, akaenda zake.

Mchezo alioupenda ulitoka duka lisilo na kufuli. Lynn ndiye aliyemnunulia, kutoka Nakuru, kwa kadi yake. Hakukuwa na bunduki wala mbio za magari ndani yake. Kulikuwa na mwanamke mzee na kundi la mbuzi, na nchi kavu yenye mabonde saba, na ng'ambo ya bonde la saba palikuwa na chumvi. Mbuzi wasipoilamba chumvi wanakufa. Ni hayo tu. Mwanamke anatembea, anapiga mbinja, mbuzi wanamfuata au hawamfuati. Anayeachwa nyuma gizani harudi tena, na mchezo haukuruhusu kurudia: aliyekufa amekufa. Kila mbuzi alikuwa na kengele yenye mlio wake. Kang'ethe aliposikia hilo, kwamba kila mmoja ana mlio wake, aliwapa majina.

Aliwaita kwa majina ya watu wa jumba la kufuma. Rachael, aliyekuwa msimamizi wa nyuzi, akawa mbuzi wa mbele. Mugo alikuwa mnene na hakupita kichaka bila kukionja. Ndegwa alichechemea. Na Kagwe alikuwa mweusi mwenye doa jeupe, aliyesimama kila mara kutazama kitu ambacho wengine hawakukiona, akaachwa, ikabidi kurudi kumchukua.

Ngendo aliwajua watu hao. Aliwazika baadhi yao. Alijua kwamba kiwanda kilipofungwa, Kagwe wa kweli aliendelea kuvaa ovaroli kila asubuhi na kwenda kusimama langoni, miezi na miezi, akisema mlinzi atafungua tu, mpaka asubuhi moja alipokutwa amekaa chini ameegemea ule ukuta, na hakuwa amelala.

Mwanzoni alimcheka mumewe. “Mzee mzima kuchunga mbuzi wa kioo! Wa kweli walikushinda, ukaja kwa wa stima?”

“Hawa hawali mboga za jirani.”

“Na wakichinjwa tunakula nini, kengele?”

Lakini tundu liliendelea kuziba. Ikafika siku ambayo Kang'ethe alimsikia Kagwe, kengele nzito inayochelewa, na hakuweza kumpata kwenye skrini hata alipoinama namna gani. Jua la mchezo lilikuwa linatua. Akaanza kuhema. Ngendo, aliyekuwa anapanga nguo kitandani, alikuja akasimama nyuma yake.

“Nyuma ya jiwe,” alisema.

“Jiwe gani?”

“Lile kubwa. Rudi kidogo. Kushoto. Kushoto yako, Baba Lynn, si ya daktari wako. Hapo. Anatazama ndege.”

“Anatazama nini?”

“Ndege. Kuna ndege juu ya mti. Amemtolea macho kama mgeni wa Nairobi.”

Kang'ethe alibonyeza kitufe cha mbinja kwenye pad ya kuchezea kwa kidole gumba, na kengele nzito ikaanza kusogea.

Tangu siku hiyo walicheza wawili. Alipotoka Githurai, kabla hata ya kuvua viatu, Ngendo angevuta kiti. Yeye alikuwa macho, mumewe mikono na masikio. Alimweleza rangi ya mchanga, kivuli cha mawe, nani amelala na nani bado anatafuna. Aligombana na Mugo kana kwamba anamsikia. Sokoni, wateja wakibishana juu ya suruali za watoto, alijikuta akiwazia bonde la tano na mto wake. Walipita la tano. Walipita la sita, wakampoteza Ndegwa humo, mguu wake ulipomshinda kwenye mteremko, na usiku huo hawakula. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya mchezo.

Kisha daktari akasema dawa ya matone haitoshi tena. Presha ilikuwa inapanda. Kulikuwa na upasuaji wa kuishusha, na akaeleza bila kuficha kitu: kwa jicho lililofika hapo, mara nyingine kile kidogo kilichobaki huzimika chenyewe baada ya kisu, na hakuna anayeweza kuahidi. Bila kisu kitazimika pia, ila polepole.

Kang'ethe alikubali. Waliporudi Gatongora alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta.

“Bonde limebaki moja,” alisema.

“Utapumzika kwanza.”

“Mama Lynn, nisikilize. Nataka nione wakifika. Kitu kimoja nilichoanza kikafika mwisho. Kule kiwandani hakuna aliyefika. Tulifungiwa lango tukiwa njiani. Hawa nataka wafike, na mimi nikiwepo.” Akaipapasa meza kuitafuta pad. “Hata nikitoka huko sioni, wewe utaniambia. Nitasikia kengele zao. Hiyo ndiyo itakuwa kuona.”

Walijaribu kuanza saa hiyo hiyo, lakini mchezo ulikataa kufunguka. Ulitaka sasisho kwanza, na diski ilikuwa imejaa. Asubuhi yake alikuwa anatakiwa hospitalini. Lynn alikuwa amekuja kumsindikiza, yuko mlangoni na mkoba.

“Kuna ule mchezo wa mpira wa duka la Alhamisi,” Kang'ethe alimwambia mkewe akiwa ameshavaa koti. “Hatuuchezi. Uondoe, nafasi itapatikana. Nikirudi nikute wako tayari.”

“Nitauondoa.”

“Unajua utakavyofanya?”

“Nenda, wewe. Nimekuona ukifanya mara mia.”

Siku hiyo Ngendo hakwenda sokoni. Alideki nyumba, akabadilisha shuka, akaketi mbele ya kompyuta akiwa ameosha mikono kama mtu anayekwenda kushika mtoto mchanga. Aliupata ule mpira. Akapata na mahali pa kuuondoa. Programu ikamuuliza kama ana hakika, na chini ya swali hilo kulikuwa na kisanduku kitupu: je, chumba chake nacho kiondolewe? Kulikuwa na maneno madogo ya onyo kando. Aliyasoma, lakini aliyasoma kama anayesoma onyo kwenye chupa ya sabuni.

Ngendo alikuwa amehama nyumba nyingi maishani. Makongeni, Githurai, Ruiru mjini, kisha hapa. Na kokote alikotoka alifanya kama mama yake alivyomfundisha: mtu akihama, chumba hufagiwa. Humwachii anayekuja uchafu wa aliyeondoka. Kuacha chumba bila kukifagia ilikuwa aibu ambayo wapangaji wangeisema miaka. Akaweka alama kwenye kisanduku, akabonyeza.

Ilifanyika haraka mno. Hilo ndilo lililomshtua kwanza, jinsi nafasi ilivyopatikana nyingi kuliko alivyotarajia.

Sasisho lilishuka. Mchezo ukafunguka, feni ikaanza kukimbia, na Ngendo akaegemea mbele kuwasalimu. Alimwona mwanamke mzee amesimama mlangoni mwa nyumba ya udongo, nyumba ambayo hakuwahi kuiona, kwa sababu yeye aliingia katika safari hiyo bonde la nne. Zizini walikuwa wamesimama mbuzi. Alikileta kishale juu ya mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekuwa na jina. Mweusi mwenye doa jeupe hakuwemo. Mchezo ulikuwa unamuuliza kwa heshima kama angependa kuanza safari.

Aliuzima. Akauwasha tena. Alifanya hivyo tena na tena, kisha akateremka ngazi bila viatu.

Jared alifunga kibanda chake siku mbili. Aliibeba mashine, akairudisha, akafungua hiki na kile huku Ngendo amesimama nyuma yake. Mwisho aliiweka kibodi pembeni.

“Yawa,” alisema, kama anayejiambia mwenyewe. “Walikuwa wote mle ndani, Mama Lynn. Kila mahali walipofikia kuliandikwa ndani ya chumba. Ulipokifagia, ulifagia wote.”

“Si lile duka linaweka nakala huko juu mtandaoni? Lynn aliniambia linaweka.”

“Linaweka. Lakini kwa Linux ni mpaka uwashe mwenyewe. Mzee hakuwasha.”

“Kwa nini?”

“Bando. Aliogopa itamaliza bando.”

Ngendo aliketi kitandani. Chini barabarani mtu alikuwa anatangaza viazi kwa spika.

“Na wewe huwezi kuwarudisha? Nyinyi si ndio mnarudisha simu za watu zilizofutika?”

“Kwa diski za zamani, labda. Hizi za sasa zikifuta zimefuta.” Alikuna kidevu. “Kuna watu wamecheza mpaka mwisho wakarekodi. Iko video. Naweza kukuonyesha vile inaisha, hata saa hii.”

“Hao ni mbuzi wa wenyewe,” Ngendo alisema kwa ukali uliomshangaza Jared. “Wataniambia nini kuhusu Kagwe?”

“Basi mwambie ukweli akirudi.”

“Wewe ungemwambia?”

Jared alikusanya bisibisi zake moja moja.

Kang'ethe alirudi akiwa amefungwa bandeji, na wiki iliyofuata ikafunguliwa, na lile tundu la bomba halikuwepo. Palibaki weupe. Aliweza kujua dirisha liko wapi na kama mtu amesimama mbele yake. Daktari alimshika mkono kwa muda mrefu. Lynn alilia kwenye korido mahali ambapo alidhani hasikiki, akarudi Nakuru. Kang'ethe hakulia. Alijifunza njia ya kutoka kitandani hadi mezani kwa kugusa ukuta, na hakutaja mbuzi, si siku ya kwanza wala siku zilizofuata. Ngendo alianza kuamini amesahau, na kuamini huko kulimfanya ajichukie.

Jumapili, baada ya kanisa na chai, jengo zima likiwa limetulia kwa ule utulivu wa watu walioshiba kidogo, Kang'ethe alivuta kiti chake mwenyewe hadi mbele ya kompyuta.

“Nimepata nguvu,” alisema. “Twende.”

Ngendo alikuwa ameyapanga maneno tangu Jumatatu. Alifungua kinywa kuyasema. Alimtazama alivyokaa, mgongo umenyooka, pad mikononi, uso ameuelekeza pembeni kidogo tu mwa skrini. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Skrini ikaja, na picha ya mlima ambayo Jared aliiweka, na alama za maduka matatu chini. Hakugusa kitu kingine.

“Wamefunguka?”

“Wamefunguka,” Ngendo alisema. “Asubuhi imewakuta penye mwamba, pale tulipowaacha. Kuna umande.”

“Mbona siwasikii?”

“Spika. Ilianza kusumbua ukiwa hospitali. Jared atakuja kuiangalia.”

Kang'ethe aliitikia kwa kichwa polepole. “Basi niambie.”

Akamwambia. Alimwambia bonde la saba lilikuwa na nyasi fupi za kijivu, na upepo unazilaza upande mmoja. Alimwambia Rachael ametangulia bila kuangalia nyuma, na Mugo tayari amepata kichaka. Kang'ethe alisukuma vidole gumba mbele, kushoto, mbele. Kila alivyosukuma, Ngendo aliwasogeza. Sauti yake ilianza ikitetemeka, kisha ikashika njia. Alijikuta anauona ule mteremko, na wakati fulani alimpigia Mugo kelele, na ilikuwa kelele ya kweli.

“Na Kagwe?”

“Kagwe yuko mbele leo. Amewapita wote.”

Vidole vilisimama. Kang'ethe aliweka pad juu ya mapaja. Kisha akanyoosha mkono, akapapasa kando ya meza mpaka akaupata ubavu wa mashine, akauwekea kiganja kama alivyowahi kuwekea mitambo mikubwa kuliko nyumba hii.

“Mama Lynn,” alisema. “Mashine imelala.”

Ngendo aliitazama picha ya mlima.

“Mchezo ukifunguka hii feni hukimbia. Inapumua tu. Tangu uiwashe inapumua tu.” Hakuinua sauti. “Wako wapi?”

“Nilifagia chumba,” Ngendo alisema. “Uliniambia niondoe mpira. Ikaniuliza kama nifagie chumba, nikafagia. Haki ya Mungu, Baba Lynn, sikujua wamo ndani. Nilidhani nasafisha.”

Mkono wa Kang'ethe ulikaa pale pale juu ya bati la mashine. Nje mtoto alikuwa anaburuta kitu kwenye ngazi, ngazi kwa ngazi, akaambiwa na mtu aache.

“Wote?”

“Wote.”

“Ni mimi niliwaweka pamoja,” Kang'ethe alisema. “Owino aliniambia.” Akaligonga bati kwa kidole. “Owino aliniambia, nikamwambia habari za Makongeni.”

Ngendo alilia sasa, kilio cha mtu mzima, kikavu, kisicho na machozi mengi. Alingoja atukanwe. Angependa kutukanwa. Kang'ethe aliutoa mkono wake kwenye mashine, akautafuta wake, akaukosa mara ya kwanza, akaupata.

“Kagwe hawezi kuwa mbele,” alisema. “Hata siku moja. Mrudishe nyuma.”

“Baba Lynn, hakuna—”

“Mrudishe nyuma. Amesimama anatazama nini?”

Ngendo alijifuta pua kwa kitambaa cha kichwa. Alitazama picha ya mlima wa Jared, alama tatu, saa kwenye kona. “Ukuta,” alisema. “Kuna ukuta wa mawe, umebomoka. Anautazama.”

“Tumngoje.”

Wakamngoja. Alipokuja, kengele yake nzito ikigonga, waliteremka na wenzake hadi chini ya bonde, wakavuka korongo lisilo na maji, wakapanda upande wa pili polepole kwa sababu mwanamke alikuwa amechoka na mbuzi walikuwa wamebaki mifupa. Jua lilikuwa linashuka dirishani, na Kang'ethe alijua, kwa kuwa weupe uligeuka njano usoni mwake. Walifika ukingoni. Ngendo alimwambia Rachael amesimama. Wote wamesimama, wamepanga mstari, pua juu.

“Wameinusa,” Kang'ethe alinong'ona. “Iko hapo. Inafanana aje?”

Ngendo aliangalia skrini. Hakuwahi kufika huko. Alifikiria chumvi ya pakiti, chumvi ya jikoni, na hakuna iliyofaa. Alifikiria video aliyokataa. Kulikuwa na maneno mengi ya uongo ambayo angeweza kuyasema, na alikuwa amesema mengi mchana huo, lakini hapa aliyaacha.

“Sijui,” alisema. “Wewe uliwaza iko vipi?”

Kang'ethe aliuelekeza uso wake dirishani. Alikaa hivyo kwa muda, kama alivyokuwa akikaa zamani katikati ya jumba, akisikiliza kwa zamu kila mtambo.

“Sijui pia,” alisema.

Njano ikaisha usoni mwake, weupe ukawa kijivu. Ngendo aliinuka kuizima mashine.

“Iache,” alisema Kang'ethe. Akarudisha kiganja chake juu ya lile bati baridi, ambapo feni ilikuwa inazunguka chini chini, bila mzigo, kama mtambo ulioachwa ukizunguka baada ya uzi kuisha.